Tuwaombee, Kisha Tuwasindikize Kliniki

Wapendwa wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya,

Mgonjwa wa malaria akija kuombewa, tunamwombea kisha tunamuuliza kama ameshapima. Mwenye kisukari hatumwambii atupe dawa ili athibitishe imani yake. Lakini akija mtu ambaye kwa wiki kadhaa halali, hali na haoni sababu ya kuishi, tunamwambia imani yake imepungua, au tunamsaka pepo. Ndiyo maana wengi wananyamaza, wanaendelea kuimba kwaya huku wanaugua.

Sonona si uvivu wala adhabu ya dhambi ya siri. Huzuni ya kawaida hupungua siku zikienda. Sonona hukaa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, ikivuruga usingizi, kazi na hata sala. Humpata mama aliyejifungua juzi, na humpata pia mhubiri. Wasiwasi uliopitiliza hufanya moyo uende mbio pasipo hatari yoyote. Mwenye skizofrenia huweza kusikia sauti ambazo wengine hatuzisikii. Magonjwa haya yana matibabu: ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na mwenye skizofrenia akiacha zake ghafla, mara nyingi ugonjwa hurudi kwa nguvu. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge baada ya mkesha anamtwisha mzigo ambao yeye mwenyewe hataubeba.

Tumsome tena Eliya, katika 1 Wafalme 19. Ametoka kushinda katika Mlima Karmeli, lakini sasa yuko jangwani chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu. Kisha akapewa Elisha wa kufuatana naye. Mwili ulihudumiwa kwanza, na hapo hapo Mungu alikuwa kazini.

Kanisa letu lina mfano wake hapa hapa nyumbani. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kilutheri walianza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na hospitali hiyo ingali chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kumtibu mgonjwa wa akili ni huduma ambayo kanisa limeifanya kwa vizazi.

Kwa hiyo tunawasihi. Mtu asiambiwe madhabahuni aache dawa. Hilo aamue na daktari wake. Asifungwe kamba wala minyororo kwa jina la maombezi, wala asilazimishwe kufunga kula. Mkimwona muumini amejitenga, mwendeeni nyumbani, msikilizeni kabla ya kumpa mistari. Mkihofu kwamba anawaza kujiua, muulizeni waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Familia zinazouguza nazo zinahitaji nauli, chakula na mtu wa kupokezana nao zamu.

Jumapili hii, katika matangazo, mwalikeni muuguzi au daktari kutoka kituo cha afya kilicho jirani aje azungumze na waumini. Kila jumuiya iteue watu wawili wa kuwasindikiza wagonjwa kliniki. Maombi yaendelee, na safari ya kliniki ianze.