Meli ikishafika, nani anamwangalia mtoto?

Safari ya meli Ziwa Nyasa huwaweka wazazi roho juu. Tangu wanapoondoka Kyela, mtoto haachwi hata dakika moja kusogelea ukingo. Watu wanaikumbuka MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018. Kwa hiyo melini macho hayabanduki kwa mtoto.

Kisha meli inafika Liuli au Mbamba Bay. Abiria wanashuka, miguu inakanyaga nchi kavu, wazazi wanashusha pumzi. Woga wa maji unaishia hapo, na hapo ndipo ulipaswa kuanza.

Wengi hawaishii bandarini. Wapo wanaoelekea vijiji vya mwambao kama Lundo, kwa bibi na babu. Wapo wanaopandisha milimani hadi Mbinga, kilometa 66 za lami kutoka Mbamba Bay, kisha Songea. Katikati ya meli na gari hubaki saa tatu, nne, wakati mwingine usiku mzima. Ni muda wa kula, kunyoosha miguu na kusalimiana. Pia ni muda ambao mtoto huweza kutoweka machoni pa watu wazima sita waliosimama palepale.

Manahodha wengi

Tazama familia inaposhuka. Baba anahesabu mabegi na magunia. Mama anatafuta pa kumnyonyesha mdogo. Shangazi aliyekuja kupokea wageni anakumbatia mmoja mmoja, mjomba anapatana bei na mwenye bodaboda. Mtoto wa miaka mitano yuko katikati yao, na kila mmoja anaamini mwenzake anamwona. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kushuka, mtu mzima mmoja anatajwa kwa jina kuwa mlinzi wa watoto. Huyo habebi mzigo, hapokei simu, hapigi picha. Akichoka au akitaka kwenda chooni, anakabidhi kwa mdomo: “Kuanzia sasa ni wewe,” na mwenzake anajibu, “Nimempokea.” Inaweza kuonekana kama mchezo wa askari mbele ya wakwe, lakini familia inayofanya hivyo haiulizani baadaye, “Si alikuwa na wewe?”

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tena mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo ukiwa majini hauwezi kuita, na mikono inahangaika kusukuma maji badala ya kupunga. Mtu aliye hatua kumi akizungumza na shemeji yake anaweza asisikie chochote.

Kwa mtoto mdogo, kumwangalia maana yake ni kuwa karibu kiasi cha kumshika kwa kunyoosha mkono. Kukaa kivulini na kumtazama kwa mbali hakutoshi.

Binamu wa ziwani

Hatari nyingine ina sura ya furaha. Watoto wa mwambao wanalijua ziwa kama watoto wa Kariakoo wanavyojua kuvuka barabara. Wanaogelea, wanachota maji, wanacheza na mitumbwi ya baba zao. Mgeni kutoka Mbeya au Dar es Salaam anawaona binamu zake wa umri uleule wakijitupa majini, naye anajitupa. Hajui kuogelea. Hajui pia kwamba Nyasa si bwawa. Ni ziwa la bonde la ufa lenye kina kinachopita mita 700 katika sehemu zake za ndani kabisa, na mahali pengine hatua chache tu kutoka ufukweni maji hubadilika ghafla kutoka magotini hadi shingoni.

Bibi naye, kwa upendo wote, anaweza kusema, “Waacheni, hapa watoto wote wanaoga ziwani.” Ni kweli kwa wajukuu aliowalea. Mzazi asibishane naye mbele ya watu. Amwambie kwa heshima, “Mama, huyu wa kwetu hajui maji, leo ataoga nikiwa naye.” Kisha aingie naye kweli. Kumkataza mtoto kabisa huku wenzake wakicheza ni kumfundisha kutoroka.

Maswali mawili waulizwe wenyeji kabla ya mtoto kuvua viatu. La kwanza: mamba huonekana upande gani? Wenyeji wanazijua sehemu za kuepuka, hasa karibu na midomo ya mito kama Ruhuhu. La pili: ziwa leo likoje? Miezi ya kipupwe, pepo za kutoka kusini huamsha mawimbi makubwa, na ufuo uliokuwa shwari asubuhi unaweza kuchafuka mchana.

Kichocho nacho

Lipo jambo lisiloonekana siku hiyo. Maeneo ya ufukweni yenye maji yaliyotulia na majani yanaweza kuwa na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Dalili huweza kuchelewa kwa wiki au miezi, wakati safari imekwishasahaulika. Mtoto akikojoa damu au akilalamika maumivu wakati wa kukojoa, mzazi amwambie mhudumu wa afya kwamba alioga ziwani. Sentensi hiyo moja hufupisha safari ya kutafuta ugonjwa. Tiba ipo, na haifai kuogopwa wala kuonewa aibu.

Tumbo kwanza, matembezi baadaye

Mtoto aliyetapika melini hushuka akiwa mchovu na mwenye kiu. Asipewe sahani ya ugali na samaki papo hapo, hata kama shangazi ameamka alfajiri kukaanga. Aanze na maji safi kidogokidogo, kisha uji au ndizi. Kama ametapika sana na hakuna pakiti ya ORS, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinasaidia. Akilegea, akikosa mkojo au akishindwa kunywa, aende zahanati siku hiyohiyo.

Akishapumzika, apewe kitu cha kuona, kwa kuwa mtoto aliyechoshwa na kusubiri ndiye anayetangatanga. Waliopitia Liuli wana hadithi mkononi. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa linalofanana na sanamu ile ya Misri. Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake hakuwa amepata hata habari kwamba vita vimeanza. Mtoto wa darasa la nne akisimuliwa hayo mahali penyewe, somo la historia halimtoki.

Jioni, jua huzama juu ya maji, upande wa Malawi. Kukaa mchangani mtoto akiwa katikati ya magoti ya baba yake, akiuliza watu wa ng'ambo wanazungumza lugha gani, kunatosha kuwa matembezi.

Likitokea la kutokea

Mtu akizidiwa majini, asiyejua kuogelea asijitupe kumfuata. Apige kelele za kuomba msaada, atupe kamba, ubao au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Aliyetolewa asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo ili atapike maji. Kama hapumui, anahitaji kupuliziwa hewa mdomoni na kukandamizwa kifua mara moja, huku mwingine akitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Hata akizinduka na kuonekana mzima, aonwe na daktari.

Mafunzo ya kupulizia hewa hayatolewi siku ya ajali. Mzazi anayepanga safari ya likijizo ya Desemba anaweza kumwomba muuguzi wa kituo cha karibu amwonyeshe. Na usiku wa mwisho melini, kabla taa za Mbamba Bay hazijaonekana, wazazi wanaweza kuamua jambo moja lililobaki: kesho tukishuka, zamu ya kwanza ni ya nani.