Gari la Dizeli Likikataa Kuwaka



Hapa Kisugu, kati ya Kabalagala na reli ya Namuwongo, alfajiri haipiti bila kusikika stata ya pikapu ya mtu ikilia mpaka betri ichoke. Wengi wenu huko kambini mnazo pikapu hizo kuukuu, Hilux za injini ya 2L au 3L, mlizonunua kwa akiba ya miaka mingi ili mama watoto apelekee ndizi sokoni. Kwa hiyo juma hili tuyaache ya jikoni, tulizungumze gari.

Yangu ilikataa kuwaka juma la kufungua shule. Fundi niliyemwita aliisikiliza kitambo kidogo, akatamka kuwa pampu ya dizeli imekufa, na bei aliyoitaja ilikuwa sawa na karo ya watoto wawili. Nilikuwa nimekwisha kumhesabia nusu ya fedha alipotokea jirani yangu, dereva mstaafu wa jeshi.

“Mwalimu, umeitazama mipira ya mafuta?”

“Sijaitazama, Afande.”

“Basi hizo fedha zirudi mfukoni kwanza.”

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hukandamizwa ndani ya silinda hata ikawa moto mkali, na mafuta yanyunyizwapo humo na nozo huwaka yenyewe. Lakini hewa ikiingia katika njia ya mafuta, pampu husukuma bure, kwa kuwa hewa hukandamizika na mafuta hayakandamiziki. Tena mpira wenye ufa mwembamba waweza usidondoshe hata tone moja, maana pampu huvuta: badala ya mafuta kutoka, hewa huingia. Usiku mafuta hurudi tangini, na gari lililolala zima huamka bubu.

Afande alibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio; ilikuwa laini kabisa. Akaendelea kubonyeza mpaka ikawa ngumu. Injini ikawaka, ikakohoa, ikazima. Hapo akapapasa mipira mmoja mmoja, akauona ufa karibu na kibano. Aliikata ile ncha kwa kisu, akaurudisha mpira, akakaza. Kisha alilegeza nati za mabomba yaendayo kwenye nozo, nikapiga stata mpaka povu likaisha, akazikaza tena. Gari likanguruma. Fundi alirudisha fedha zangu, ila alibakiza za nauli. Sisemi kwamba mafundi wote ni wa namna hiyo. Wako wa Katwe ambao ningewakabidhi gari nikiwa nimefumba macho.

Angalieni jambo moja: msizibe kwa kidole mafuta yanayoruka kutoka kwenye nozo au bomba lake injini ikizunguka. Msukumo wake hupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likiwa dogo kama tundu la sindano, ni la kupelekwa hospitali saa ile ile.

Kabla ya kumwita fundi, washa swichi usikilize penye pampu. Pakikosekana mlio mdogo wa “tak”, tazama waya mwembamba uendao kwenye kizuizi cha mafuta; mara nyingi umechomoka tu. Taa ya kupasha injini moto nayo ingojewe izime. Na mnaonunua dizeli ya jerikani kando ya barabara, fungueni kizibo kilicho chini ya chujio mwone maji mliyouziwa.

Kuchemsha ni jambo jingine, na mlima wa Muyenga ndio unaotuumbua. Sindano ya joto ikipanda, simama. Usifungue mfuniko wa rejeta wala usimwage maji baridi humo injini ikiwa ya moto, kwani silinda hedi za 2L zina sifa mbaya ya kupasuka. Ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia, usiiwashe tena.

Moshi mweusi mara nyingi ni chujio la hewa lililojaa vumbi, au nozo. Wa buluu ni oili inayoungua.

Mkanda wa taimingi katika injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000; ukikatika, vali hugongwa na pistoni. Kama umenunua pikapu iliyokwisha kutumika na hujui mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla ya safari ya kwanza ya kijijini.