Sitara ya nani?



Binti akipata chuo kikuu, nyumba za visiwani huingia pilika. Sanduku, mashuka, chupa ya achari, mabuibui mapya mawili. Wengine wanakwenda Tunguu na jioni wanarudi kwao. Wengine wanapanda boti kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo basi la Morogoro au Dodoma. Na nasaha nazo hazikosi: sali kwa wakati, jisitiri, usichelewe kurudi dakhalia, usijichanganye na wavulana. Zote njema, wala hatuzipingi. Ila ukizipitia moja moja utaona zote zinamhusu yeye. Nani anamwambia binti afanye nini siku mwalimu atakapomwambia kuwa maksi zake ziko chini, waonane wazungumze, na mahali pa kuzungumzia pakawa ni gesti?

Jambo hili si geni. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wenzake wa kiume na kuandamwa na "Mzee Punch", yaani maandishi na michoro ya kashfa iliyobandikwa ukutani bila ya mwandishi kujulikana. Leo ukuta ule umehamia kwenye makundi ya WhatsApp. Novemba 2018, wakati maktaba mpya ya chuo hicho hicho inazinduliwa, mhadhiri wake, Dk Vicensia Shule, aliandika kwenye Twitter kuwa rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Palizuka gumzo kubwa, na wengi walishughulika zaidi na kwa nini amelisema hadharani kuliko na alichokisema. Baadaye TAKUKURU ilifanya utafiti wake katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma kuhusu jambo hilo hilo. Wala si Tanzania peke yake. Mwaka 2019 BBC ilirusha filamu ya waandishi waliojifanya wanafunzi na kuwarekodi kwa siri wahadhiri wa vyuo vikuu vya Lagos na Ghana.

Kwa upande wa bara sheria ipo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema mwenye mamlaka anayeitumia nafasi yake kudai ngono ili atoe haki au upendeleo ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Angalieni sheria inapoelekeza jicho: kwa aliyeshika mamlaka. Ndiyo maana mwaka 2024, lilipoletwa pendekezo la kumtia hatiani na yule anayetoa mwili, asasi za wanawake zilipinga. Binti atakwenda vipi kushtaki ikiwa akifungua mdomo naye anakuwa mshtakiwa?

Basi sheria tunayo. Kwa maoni yetu kinachoikwamisha, kwetu hasa, ni neno zuri linalotumika vibaya: sitara.

Binti anarudi likizo, hali vizuri, hasemi. Mwishowe anamwambia shangazi yake. Shangazi anamwambia mama, mama anamwambia baba, na kabla ya magharibi uamuzi umeshapita: "Mwanangu, Mungu amekusitiri, na wewe nyamaza." Aibu, jina la ukoo, posa iliyokwishaletwa. Na kama mwalimu mwenyewe ni mtu wa kwetu, mkwe wa fulani, anasali safu ya mbele, hapo muhali unamaliza kazi iliyobaki. Huitwa wazee wawili watatu, kikanywewa kikombe cha kahawa, ikawa yamekwisha. Binti hubadilishwa kozi au huozeshwa haraka haraka. Mwalimu anabaki na ofisi yake, na mwezi wa Oktoba wanaingia mabinti wapya.

Tunauliza: hapo amesitiriwa nani?

Tumefundishwa kuwa anayemsitiri mwenzake naye husitiriwa. Ni kweli, lakini Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, alikwishaeleza kuwa sitara hiyo ni ya mtu asiyejulikana kwa madhara wala uharibifu. Anayejulikana kwa hayo hufikishwa kwa mwenye mamlaka, kwani kumfunika ni kumpa nguvu ya kuendelea. Na aya ya 148 ya Suratun Nisaa, inapokataza kutangaza maneno mabaya, inamtoa aliyedhulumiwa katika katazo hilo. Ana ruhusa ya kusema. Ruhusa hiyo hakupewa na asasi wala na wazungu, kama baadhi ya watu wanavyopenda kutuambia.

Lipo na jengine linalotumika kuwaziba midomo, nalo ni mashahidi wanne. "Unao mashahidi? Basi unamsingizia mtu, utapigwa viboko." Aya ile ya Suratun Nur iliteremka kuwalinda wanawake watahirifu wasichafuliwe kwa tuhuma ya zinaa. Binti anayesema "mwalimu ameniambia nisipolala naye nitafeli" hakumtuhumu mtu zinaa. Anasema amedhulumiwa, na dhulma huchunguzwa kwa ushahidi wowote uliopo: ujumbe wa simu, maksi zilizoshuka ghafla, aliyemuona akitoka analia. Kuigeuza ngao ya wanawake ikawa fimbo ya kuwapigia ni jambo ambalo mashekhe wetu wangetufaa sana kama wangelisemea mimbarini.

Kisa cha Nabii Yusuf tunakisoma tangu chuoni kwa maalim. Mwenye nguvu ndani ya nyumba ndiye aliyefunga milango, na asiye na nguvu ndiye aliyekimbia. Mlangoni mwenye nguvu akawahi kushtaki. Kilichoamua hakikuwa cheo cha mtu wala machozi yake. Iliangaliwa kanzu: imechanwa mbele au nyuma? Na aliyelitoa shauri hilo alikuwa mtu wa upande wa mshtaki, jamaa yake. Tunapenda sana kukisoma kisa hiki kwa uzuri wa Yusuf tukaipita kanzu. Chuo kinahitaji watu wa kuiangalia kanzu, wasioogopa kuwa mtuhumiwa ni mwenzao wa idara moja. Uchunguzi huo unamfaa na mwalimu mwema, nao ni wengi, Mungu awalipe. Akisingiziwa, kanzu itamtetea yeye pia.

Kinga yenyewe haihitaji mambo makubwa. Mwalimu huwa na nguvu juu ya binti kwa sababu anaijua karatasi ni ya nani na hakuna wa pili anayeiangalia. Mtihani ukisahihishwa kwa namba badala ya jina, karatasi ya aliyefeli ikapitiwa na mwalimu wa pili, maksi za kazi za darasani zikabandikwa kabla ya mtihani wa mwisho, basi anayemtisha binti kwa sapu au disko anakuwa hana cha kumtishia. Utafiti wa mwaka wa mwisho ni mgumu zaidi, maana pale msimamizi huwa mmoja na mwanafunzi mmoja kwa miezi. Wawekwe wasimamizi wawili, na njia ya kumbadilisha msimamizi bila ya kumuomba ruhusa yeye mwenyewe. Na ile khalwa tunayowakanya mabinti kila siku, kwa nini isikanywe na chuo? Mlango wa ofisi uwe na kioo. Miadi iwe chuoni, saa za kazi. Hivyo mzigo wa kuiepuka khalwa utabebwa pia na mwenye ufunguo.

Sasa nyinyi mama zetu, dada na mashangazi. Binti akija na habari hii, msimuulize alivaa nini wala alikwenda kufanya nini. Msikilizeni mpaka amalize. Ujumbe wa simu usifutwe, hata uwe unatia kinyaa kiasi gani. Upigwe picha na kuwekwa kwa mtu wa pili anayeaminika. Aandike tarehe, saa, mahali, na maneno aliyoambiwa. Kaka zake wasiende kumpiga mtu, kwani hapo kesi itakuwa yao. Kwa walioko bara TAKUKURU inapokea simu bure kwa namba 113, na hapa Unguja na Pemba tunayo ZAECA.

Ikiwa ameingiliwa kwa nguvu, haya mengine yasubiri. Asioge, asifue nguo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Mnazi Mmoja, viliwekwa ili matibabu, polisi na ushauri vipatikane pahala pamoja. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Kikao cha ukoo kinaweza kuzila saa zote hizo.

Kwa wanaompeleka binti mwaka huu: siku ya usajili mzazi huuliza ada, mkopo, na chumba cha dakhalia kina vitanda vingapi. Aulize na haya. Mitihani inasahihishwa kwa jina au kwa namba? Serikali imetaka vyuo viwe na madawati ya jinsia; la hapa liko wapi, anakaa nani, na yuko mwanamke? Malalamiko yakipelekwa, jibu linatoka baada ya siku ngapi, na anayemlalamikia mkuu wa idara anapeleka kwa nani? Aulize binti akiwa pale pale, asikie jibu.