Pampu kubwa ya oili: dawa au kiziba mdomo?

Haya jamani, leo siasa naiweka pembeni. Nina hasira na kidude cha chuma kinachoenea kiganjani: pampu ya oili ya injini za zamani zinazopozwa kwa hewa. Nazungumzia Volkswagen Beetle, ndugu yake wa kimichezo Karmann Ghia, na jamaa yao tajiri Porsche 911.

Vijana wenzangu wameanza kuyarudia magari haya, na sishangai. Beetle ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda Safari ya magari ya zamani akiwa na Porsche 911. Historia hiyo ni yetu pia, imepita kwenye vumbi letu.

Tatizo ni wimbo mmoja unaoimbwa kila gereji: "Weka pampu kubwa." Taa ya oili inawaka? Weka pampu kubwa. Injini inachemka? Pampu kubwa. Unataka mbio? Pampu kubwa ya mashindano, kaka! Mimi nasema wimbo huu unaua injini, na ushahidi ninao nyumbani.

Baba mdogo ana Beetle yenye injini ya 1600. Ndiyo iliyotupeleka shule mimi na watoto wake, tukiwa tumebanana nyuma kama dagaa. Mwaka jana taa ya oili ikaanza kupepesa kila injini ikipata moto na kusimama kwenye foleni. Fundi akaangalia mara moja tu: "Mzee, pampu imekufa. Tia hii kubwa." Hakupima kitu. Mzee akatoa hela, pampu ikafungwa, taa ikazima. Tulikunywa soda pale pale gerejini kwa furaha.

Wiki chache baadaye, njia ya Bagamoyo, injini ikaanza kugonga. Tulipoifungua, beringi zimekwisha na krankishafti imechimbika. Pampu mpya? Nzima kabisa, inang'aa.

Sasa tuulizane. Tulinunua nini siku ile? Tulinunua ukimya wa taa.

Taa ile inawashwa na swichi inayoshtuka presha ikiwa imeshuka hadi kati ya bar 0.15 na 0.45 hivi. Yaani inapiga kelele mgonjwa akiwa anakata roho. Kipimo cha kiwanda kwa injini hii, oili ya SAE 30 ikiwa na joto la nyuzi 70 na injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, ni kama bar 3, na ikishuka chini ya bar 2 injini imechakaa. Kati ya bar 2 na 0.45 kuna shimo refu, na humo ndani taa iko kimya kabisa. Pampu kubwa ilimtoa mgonjwa kwenye 0.4, ikamfikisha labda 0.6. Taa ikanyamaza, ugonjwa ukaendelea. Ni kama mhariri anayefuta habari mbaya halafu anasema nchi imetulia.

Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha inatokea oili hiyo inapobanwa kwenye nafasi nyembamba za beringi. Beringi zikichakaa, nafasi zinapanuka, oili inapita kirahisi, presha inashuka. Bomba la maji likipasuka nyumbani kwako, utanunua pampu kubwa zaidi au utaziba bomba?

Watanijibu: mbona magari ya mbio yanafungwa pampu kubwa? Kweli, na wana sababu. Aliyeongeza ukubwa wa injini, chujio la nje na kipozeo cha ziada, oili yake inasafiri mbali zaidi na anahitaji pampu ya kutosha. Huyo sina ugomvi naye. Lakini Beetle ya kawaida inabeba lita 2.5 tu za oili. Ukiibebesha pampu kubwa, asubuhi oili ikiwa nzito, sehemu kubwa ya inachosukuma inarudishwa na valvu ya presha chini ilikotoka, huku kipozeo na sili zake vikisukumwa kupita kiasi. Unalipia kazi ya bure.

Halafu kuna dhambi ya pili: kununua kwa kusoma boksi. "Ya Beetle 1600" si utambulisho. Toa pampu ya zamani uitazame. Kwanza, bolti nne zinazoishika ni za milimita 6 au 8? Injini za zamani ni 6, za baadaye ni 8. Pili, gia ya kamshafti ni bapa au imebonyea katikati? Hapa ndipo watu wanaumia. Pampu iliyotengenezwa kwa gia iliyobonyea, ukiifunga kwenye gia bapa, mwili wake unaweza kukwaruza gia. Ukifanya kinyume, ulimi wa pampu hauingii vya kutosha kwenye mfuo wa kamshafti, na siku ukichomoka, oili imekatika. Tatu, pima urefu wa gia za pampu yenyewe. Za kiwandani za miaka ya 1970 ni milimita 26. Zinazouzwa kwa jina la mashindano mara nyingi ni 30.

Na kabla ya kununua chochote, weka rula bapa juu ya mdomo wa pampu, ingiza fila geji kati ya rula na gia. Nafasi ikizidi milimita 0.1, pampu imechoka. Tazama na mfuniko: ukiwa na mikwaruzo, kuusawazisha tu kunaweza kurudisha presha bila kununua pampu.

Wenye Porsche 911 wasicheke. Kwao kosa ni ghali zaidi. Oili ya 911 inakaa kwenye tangi la pembeni, na pampu ina sehemu mbili: moja inanyonya oili kutoka chini ya injini kuirudisha tangini, nyingine inaisukuma kwenye beringi. Pampu hiyo iko ndani ya injini. Kuibadilisha ni kupasua kasha zima. Mwaka 1976 kiwanda kilibadilisha njia ya oili ya ziada, badala ya kumwagika ndani ya kasha ikarudi moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Ukiipachika pampu kubwa ya baadaye kwenye kasha la zamani bila kulichonga upya, oili ya ziada inafurika ndani na sehemu ya kunyonya inazidiwa. Halafu utasema Wajerumani hawajui kazi.

Kwa hiyo fundi akikwambia weka pampu kubwa, muulize swali moja tu: "Presha ni ngapi ikiwa moto?" Akikujibu kwa namba, mwamini, mpe kazi. Akikuonyesha taa, chukua ufunguo wako uondoke taratibu.

Geji ya presha ingetugharimu sehemu ndogo sana ya fedha tulizotupa. Baba mdogo bado analipa deni la krankishafti. Beetle iko uani, injini iko kwenye beseni, na ile pampu kubwa tumeitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Angalau hapo inafanya kazi yake.