Mkulima wa Nkoaranga alipwe kwa kutunza maji

MVUA ya masika inapokaza katika miteremko ya Mlima Meru, mito hubadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa juu wa shamba, pamoja na mbolea ambayo mkulima wa Nkoaranga aliinunua kwa fedha taslimu.

Jijini Arusha ni balaa zaidi. Bati, lami na saruji hazinywi maji, hivyo mvua huzoa oili ya gereji, chupa za plastiki, kinyesi cha mifugo na uchafu wa masoko, na mitaro huvipeleka vyote katika mito ya Naura na Themi bila kuchujwa. Wapo wanaomwagilia mboga kwa maji hayo, na mboga hizo hurudi sokoni.

Mito ya upande wa Nkoaranga haipiti jijini, lakini yote hukutana na Themi katika Kikuletwa na kuishia bwawa la Nyumba ya Mungu.

Dawa iliyozoeleka ni kujenga mitaro mikubwa. Huokoa barabara na maduka, na hilo si dogo, ila haisafishi maji. Huyafikisha mtoni haraka zaidi. Maji husafika yakipunguzwa mwendo: udongo hutuama, majani hushika taka, na mengine huzama kulisha chemchemi.

Kazi hiyo mkulima wa mlimani anaiweza kwa makinga maji, matete juu ya tuta, na migomba na miti kihambani. Matete humpa malisho ya ng'ombe, lakini tuta hula sehemu ya shamba na siku nyingi za jembe, huku faida kubwa ikimwendea aliye chini. Mwenye nusu ekari hawezi kubeba gharama hiyo kwa kuhubiriwa semina.

Wenzetu wa Kenya walilitambua hilo. Tangu mwaka 2015 upo mfuko wa maji wa Nairobi na Tana ya Juu, ambako watumiaji wakubwa wa maji huchangia ili wakulima wa huko juu, wakiwamo wa Murang'a, wasaidiwe kuzuia udongo usiende mtoni.

Bonde la Pangani lina bodi yake ya maji, inayotoza ada za matumizi. Sehemu ya ada wanazolipa wenye mashamba ya maua Usa River, wamwagiliaji na Mamlaka ya Maji Arusha ingerudi mlimani kulipia matuta, kwa mita zilizopimwa. Jiji nalo lianze na gereji zinazomwaga oili mtaroni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na mita zake 60 kutoka kingo za mto zinajulikana.