Mgao sawa kwa kila mwanafunzi si haki kwa kila shule

Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia gredi ya 10 Januari 2026. Kabla ya hapo, kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mkondo wa masomo na kuorodhesha shule 12 anazozitaka. Kwa karatasi, mtoto wa Kizingitini ana uhuru sawa na mtoto wa Nyali. Nauliza: uhuru huo unalipiwa na nani?

Karo ya juu iliyoidhinishwa kwa shule za kitaifa za bweni ni Sh53,554 kwa mwaka. Hapo hujahesabu godoro, sanduku, sare na nauli ya boti na basi. Kwa mzazi mvuvi ambaye kusi likivuma haendi baharini, orodha ya shule 12 hubaki shule moja: ile ya kutwa iliyo karibu na nyumbani.

Shule hiyo haitozi karo ya masomo. Tegemeo lake ni mgao wa serikali, Sh22,244 kwa kila mwanafunzi. Lakini Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kuwa serikali inamudu Sh16,900 pekee.

Tufanye hesabu. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 120 ingefaa kupata Sh2,669,280 kwa mwaka. Kwa kiwango cha waziri inapata Sh2,028,000, yaani imepungukiwa na Sh641,280. Shule ya bweni yenye wanafunzi 1,500 nayo inapunjwa, lakini bado inapokea zaidi ya Sh25 milioni, na wazazi wanalipa karo juu yake.

Wengi husema tatizo ni fedha kuchelewa. Sikubaliani nao. Hata zikija zote, tena kwa wakati, kuhesabu vichwa pekee kutaendelea kuziumiza shule ndogo. Maabara ni maabara, wawe watoto 120 au 1,500. Mlinzi, karani, umeme na mwalimu wa fizikia aliyeajiriwa na bodi hawapungui bei kwa sababu wanafunzi ni wachache. Ndiyo maana mkondo wa sayansi katika shule nyingi za aina hii utabaki jina tu.

Dawa inajulikana. Jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilipendekeza mwaka 2023 kwamba shule zitengewe kiwango cha chini cha fedha za kuziendesha. Pendekezo hilo liwekwe kwenye sheria, lisiachiwe hiari ya waziri wa siku hiyo.

Wabunge wetu wa Pwani hupenda kupigwa picha wakigawa hundi za basari. Ni msaada, hatukatai. Ila basari humtoa mtoto mmoja kijijini na kuwaacha wenzake katika shule ile ile isiyo na maabara. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure. Bajeti ijayo ikifika Bunge, tuwaulize wamesema nini kuhusu shule hizo.