Gugu la Shambani, Mboga ya Mtoto

Mvua za kwanza zinaponyesha Iringa na Mbeya, mahindi hayaoti peke yake. Kati ya matuta huchipua mnafu, mgagani, mchunga na mchicha pori. Palizi ikifika, jembe halibagui: yote huitwa magugu, hung'olewa na kuachwa yanyauke juani.

Naona tunatupa lishe tuliyokwisha kuletewa mlangoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mkoani Iringa takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali kwa taifa zima ni asilimia 30. Na Iringa ni mkoa wenye chakula tele! Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi ya mara kwa mara na uchafu wa maji. Mboga pekee haitauondoa. Hata hivyo, ghala lililojaa mahindi hushibisha tumbo bila kuujenga mwili ipasavyo. Majani haya yana madini ya chuma, foleti na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A.

Wapo wanaoyaona kuwa chakula cha maskini. Mabibi zetu walijua zaidi: uchungu wa mgagani waliupunguza kwa maziwa au karanga, na mafuta yaliyomo husaidia mwili kupokea vitamini A. Limau huongeza ufyonzaji wa chuma. Chai inayonywewa pamoja na mlo huupunguza. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupondewa majani yaliyoiva vizuri.

Tahadhari ni lazima. Usichume palipopuliziwa dawa ya kuua magugu, wala mmea usioujua: mnanaha, nao huota mashambani, ni sumu kali. Matunda mabichi ya mnafu yasiliwe. Mjamzito asiache vidonge vya chuma kwa sababu anakula mboga, na anayetumia warfarini azungumze na daktari kabla ya kubadili kiasi cha majani anachokula.

Ndugu wahudumu wa afya, kliniki tumezoea kumshauri mama anunue mboga, naye hurudi nyumbani akiwaza fedha. Tuanze kwa swali jingine: mama, katika palizi ya mwaka huu umeng'oa nini?